Hatua Zilizochukuliwa Mkumbi

Jumapili, 18 Januari. Mbinga mjini, chumbani kwangu. Mvua.

Mvua ya leo haina haraka. Ilianza nilipokuwa nashuka kwenye pikipiki, na sasa imetulia juu ya bati kama mgeni aliyekwisha kuvua viatu. Sketi yangu ya kanisani ina tope la Mkumbi mpaka magotini. Sijaifua. Nataka kuandika kwanza.

Wiki nzima nimekuwa mtu wa kushuku. Nilianza kwa kuwashuku wateja, nikahamia kwa bosi, nikaishia kwenye simu. Leo nimerudi nyumbani na anayeshukiwa ni mimi, na nadhani ni haki.

Niandike kwa mpangilio, kama nilivyozoea.

Kwa wasionijua: nauza katika duka la pembejeo hapa mjini. Mbolea, dawa za kunyunyizia, mabomba, na msimu huu wa mvua miche ya kahawa, ambayo tumeipanga uani katika viriba vyeusi vya plastiki chini ya kivuli cha nyasi. Mwenye duka nitamwita Kaka Otmari. Majina yote humu nimeyabadilisha. Si mtu mbaya, na naandika hivyo mapema kwa sababu huko mbele itaonekana kama namsema.

Mwanzoni mwa mwezi alikwenda Songea kwenye semina ya wafanyabiashara. Alirudi na fulana, kalamu na imani mpya. Aliniambia kuwa siku hizi tangazo haliandikwi, linaagizwa. Unaiambia akili mnemba iliyo kwenye simu unachotaka, nayo inakuandikia kabla maji ya chai hayajachemka. Semina iliwafundisha na kanuni: kwanza tonesha kidonda cha msomaji, kisha mwonyeshe dawa, kisha mfanye aone muda unamwishia, mwisho mwambie cha kufanya. Tangazo ambalo mtu analisoma halafu anaendelea kukaa kwenye kiti chake, alisema, ni karatasi ya kufungia maandazi.

Mpaka siku hiyo matangazo ya duka nilikuwa naandika mimi, kwa kalamu ya wino mzito, kwenye kipande cha boksi: MICHE YA KAHAWA IPO. Watu walisoma, wakaingia, tukabishana bei, wakanunua au wakaondoka. Sikujua kwamba nilikuwa naandika karatasi za maandazi.

Kaka Otmari aliketi juu ya mfuko wa mbolea, akaiandikia simu kuwa anataka tangazo la miche ya kahawa litakalomfanya mkulima achukue hatua. Simu ikafikiri kidogo. Kisha ikamwaga haya, nayanakili kama yalivyotoka:

"Mkulima mpendwa, je, mibuni yako mizee inakunyonya jasho mwaka baada ya mwaka? Sema kwaheri kwa mibuni mizee! Karibu kwenye mustakabali mpya wa kahawa. Miche yetu bora inastahimili magonjwa, na imebaki michache tu. Usiachwe nyuma. Chukua hatua sasa, kabla ya Jumamosi, kabla hujachelewa!"

Nilisoma mara mbili. Hakukuwa na kosa hata moja la kisarufi, na hilo ndilo lililonitia shaka. Kilikuwa Kiswahili kilichooga, kikapaka mafuta, kikasimama mlangoni bila kusema kimetoka kwa nani. Nilimuuliza nani amesema miche imebaki michache, wakati uani hatuna pa kukanyaga.

Akacheka. "Dada Beata, hiyo ni haraka tu. Haraka haihesabiwi."

Nikamuuliza tena mbona tangazo halisemi kuwa mche ukiupanda leo utakaa karibu miaka mitatu kabla haujakupa mavuno ya maana. Akasema tangazo si kitabu cha bwana shamba.

Nilikuwa na la kusema na sikulisema.

Alilituma kwenye makundi ya WhatsApp. Halafu, kwa kuwa wakulima wengi wa milimani hawashindi kwenye simu, alichapisha nakala moja na kuipeleka kwa mjomba wake, katekista wa kigango kimoja, kanisa dogo la kijijini huko Mkumbi, ili aisome katika matangazo baada ya ibada. Ilisomwa Jumapili iliyopita.

Jumatatu wateja wakaanza kuja.

Sasa, anayeishi Mbinga anajua jinsi mkulima anavyonunua mche. Anakishika kiriba, anakigeuza, anakwambia mche umedumaa. Anauliza bei, anacheka. Anasema kuna mahali Kigonsera wanauza nusu ya hapo, ingawa nyote wawili mnajua hapo mahali hapapo. Anatoka. Anafika ng'ambo ya barabara, anasimama kama mtu aliyesahau kitu, anarudi. Ndiyo heshima yenyewe ya biashara. Anayelipa bei ya kwanza, ama fedha si yake, ama ana mgonjwa hospitali.

Hawa wa Jumatatu hawakubishana. Waliingia wamevua kofia. Waliniuliza, "Tumewahi?" Nikiwaambia wamewahi, walishusha pumzi. Mmoja aliniomba niandike jina lake kwenye risiti vizuri, kama lilivyo kwenye kitambulisho. Mzee mmoja, rika la baba yangu, aliniambia "shikamoo" kabla mimi sijamwamkia. Nikamwamkia na mimi, naye akaitikia kwa sauti ndogo, kama mtu aliye ofisini.

Nilishuku fedha zao kwanza. Naandika kwa aibu: nilizishika noti za watu wale moja moja nikazielekeza kwenye mwanga wa mlango. Zilikuwa nzima.

Kisha nikamshuku Kaka Otmari kwamba amewaahidi kitu kisirisiri, labda mkopo, labda ruzuku. Aliapa hakuahidi chochote. Alikuwa na furaha ya mtu aliyepanda maharage yakaota dhahabu. Kila mteja alipotoka alinikonyeza. "Unaona? Wamechukua hatua."

Jioni nikarudi na nakala ya tangazo chumbani, nikalisoma polepole, kama mtu anayetafuta mwiba kwenye samaki. Sikuupata.

Hapo nilimkumbuka mama yangu. Kwetu ni Ngumbo, ziwani, na mama anauza usipa, dagaa wa Ziwa Nyasa. Miezi hii jua la kuanikia ni la kubahatisha, na usipa ulionyeshewa hauwezi kufichwa, unanuka wenyewe. Mama akiona mnunuzi anakuja, husema dosari kwanza, kabla hata hajaulizwa. "Huu ulinyeshewa juzi. Kaange leo hii, usiuweke." Nilipokuwa mdogo nilidhani anafukuza wateja. Nilipomuuliza, alinijibu kwamba mtu usiyemwonyesha dosari ataitafuta mwenyewe, na akiitafuta ataikuta kubwa kuliko ilivyo. Watu wanampita jirani mwenye usipa mkavu zaidi wanakuja kwake.

Tangazo letu halikuwa na dosari hata moja. Na bado watu wanakuja, tena wanakimbia. Ama mama yangu amekosea maisha yake yote, ama hawa watu hawakuja kununua.

Jibu lilikuja Ijumaa, limejifunga kitenge na kubeba kapu.

Nitamwita Mama Odilia. Ni mjane wa Mkumbi, anaishi na mjukuu anayesoma sekondari Kigonsera. Alichukua miche yake, akalipa bila kuuliza, nikampa risiti. Hakuondoka.

"Mwanangu, nigongee muhuri."

Nikamwambia risiti inatosha.

"Gonga tu. Wakija kukagua niwaonyeshe kwamba mimi nimechukua hatua."

"Wakija akina nani, mama?"

Akaniangalia kama ninamtega. "Wenyewe."

Nilimvutia kiti nyuma ya kaunta nikamwomba anieleze taratibu. Akaeleza, na kadiri alivyoeleza ndivyo nilivyozidi kupoa. Jumapili ile katekista alisimama na karatasi zake kama kawaida. Alisoma tangazo la ndoa. Akasoma barua ya mtendaji wa kijiji: kila kaya iwe na choo bora, na asiyekuwa nacho hatua kali zitachukuliwa dhidi yake. Kisha, kwa sauti ileile na miwani ileile, akasoma karatasi ya tatu: chukua hatua sasa, kabla ya Jumamosi, kabla hujachelewa.

"Wa vyoo, hatua wanachukua wao," alisema Mama Odilia. "Sisi wa kahawa wametuhurumia, wametupa nafasi tujichukulie wenyewe. Tukaona afadhali."

Ndipo nilipouona mwiba. Kwa simu, na kwa watu wa semina, kuchukua hatua ni jambo zuri, ni kuinuka na kufanya. Lakini huku kwetu ni nani aliyewahi kusikia habari njema yenye neno hatua? Hatua huchukuliwa dhidi ya mtu. Hatua ni mgambo mlangoni, ni faini, ni kuitwa ofisini. Hawakuja kununua miche. Walikuja kujisalimisha.

"Na hiyo ya kusema kwaheri?" nikamuuliza, ingawa nilishaanza kuogopa jibu.

"Kesho asubuhi. Nimeshatengeneza togwa, watu wa ngokela wanakuja na mapanga na mashoka. Tunaiaga yote." Ngokela ni kazi ya pamoja ya Wamatengo, mtu akiwa na kazi kubwa majirani wanamjia, naye anawapa cha kunywa. Kazi kubwa ya Mama Odilia ilikuwa kukata shamba la mibuni aliloliacha marehemu mumewe.

Mibuni wakati huu imebeba. Buni ni za kijani, bado ngumu, zinasubiri mwezi wa sita. Ndizo ada ya yule mjukuu. Hana kitu kingine, aliniambia hivyo mwenyewe bila kulalamika, kama mtu anayetaja jina la mto.

Nikamwambia, mama, usikate. Lile si agizo la serikali, ni tangazo la duka letu tu.

Alisimama. Uso wake ulijifunga kama dirisha. "Leo ndiyo unasema? Hela umeshapokea, ndiyo unaniambia nisichukue hatua? Ili kesho wakija nikutwe peke yangu?" Wateja wengine walikuwa wanasikiliza. Alijitwika kapu lake, akaenda kupanda gari bila muhuri na bila kuniaga.

Nilimfuata Kaka Otmari uani, nikamweleza yote. Nilitegemea atacheka. Hakucheka. Alitazama miche, kisha akasema jambo la busara: tupeleke masahihisho. Akaitoa simu, akaiambia iandike tangazo la kuwaeleza wakulima wasikate mibuni yao. Ikaandika kwamba safari yetu ya pamoja kuelekea kilimo chenye tija inaendelea. Akaiambia iwe ya moja kwa moja zaidi. Ikaandika: "Kukata mibuni ni uamuzi mkubwa. Chukua hatua sahihi leo!"

Tulitazamana.

Alimpigia mjomba wake. Hakupatikana. Akasema kesho ndiyo Jumamosi yenyewe ya tangazo, wateja watajaa, hawezi kuondoka dukani. Kisha akavua koti lake la mvua akanipa. "Nenda wewe. Ila usiwaambie kwamba miche ni mibaya."

"Miche si mibaya," nikamwambia. Na ni kweli. Ni mizuri sana miche ile. Ndicho kinachoniudhi kuliko vyote.

Jana asubuhi nilipanda bodaboda. Barabara ilikuwa tope tupu, na mara mbili nilishuka nikatembea ili dereva aipitishe pikipiki peke yake. Nilisikia mashoka kabla sijaiona nyumba.

Shamba liko nyuma ya nyumba, juu kidogo ya ngolo za maharage, yale mashimo ya Wamatengo yanayozuia mvua isisombe mlima. Mstari mzima wa mibuni ulio kando ya njia ulikuwa umelala chini, majani bado yanang'aa, buni za kijani zimetawanyika kwenye tope kama shanga. Walikuwa wanaanza mstari wa pili. Niliita. Nadhani nilipiga kelele.

Kiongozi wao alikuwa mwanamume mpana mwenye shoka, nitamwita Bwana Kanisius. Mama Odilia alimwambia mimi ni yule wa dukani. Akanitazama kuanzia koti, ambalo lilikuwa linanifika magotini, mpaka viatu.

"Kwenu wapi, dada?"

Nikasema Ngumbo.

"Wa ziwani," akawaambia wenzake. "Amekuja kutufundisha kahawa. Kwao wanavua usipa kwa taa, anadhani na buni zinavuliwa." Wakacheka, na mimi nilicheka kidogo, kwa woga.

Nikawaambia lile tangazo si la serikali. Bwana Kanisius akauliza kama nina barua. Sina. Akasema, kwa upole kabisa, kwamba agizo la kwanza lilikuja na karatasi na likasomwa na katekista kanisani, na la pili limekuja na mdomo wa msichana aliyevaa koti la mtu. Ningefuata lipi mimi, kama ningekuwa yeye?

Ningefuata la karatasi. Niseme ukweli.

Mama Odilia akauliza, "Aliyeliandika ni nani?"

"Simu, mama."

"Simu ya nani?"

"Ya bosi. Lakini hakuandika yeye. Iliandika yenyewe."

Mvua ikasikika kwenye migomba.

"Hiyo simu," Mama Odilia akasema, "shamba lake liko wapi?"

Hapo maneno ya mama yangu yakanijia. Dosari kwanza. Nikawaambia: tulitaka hela yenu. Basi. Lile tangazo lilikuwa la kuwafanya mnunue haraka. Hilo la kwamba miche imebaki michache ni uongo, uani hatuna pa kukanyaga. Kabla ya Jumamosi nayo ni uongo, Jumatatu mkija mtaikuta pale pale. Mche ukiupanda leo hutachuma cha maana kwa karibu miaka mitatu, na tangazo halikusema. Hakuna anayekuja kukagua mibuni. Mkikata hii, mwezi wa sita hamna kitu. Mimi nilijua sehemu ya haya tangu siku linaandikwa, na nilinyamaza.

Bwana Kanisius aliliegesha shoka lake kwenye shina la mbuni. "Sasa hilo ndilo tangazo," akasema.

Hakuna aliyeshangilia. Waliangalia mstari ulioanguka, kisha waliangalia pembeni. Mmoja alisema mashina yakisawazishwa vizuri yatachipua, kahawa ni mti mvumilivu, baada ya miaka miwili mitatu yatazaa tena. Ni kweli. Lakini mstari ule ulikuwa umebeba mwaka huu.

Mama Odilia aliketi juu ya shina lililokatwa. Nilijiandaa kwa machozi.

"Na ile bei," akaniuliza. "Ilikuwa inapungua?"

"Inapungua, mama. Siku zote inapungua."

Alijipiga paja. Alijipiga tena. "Nimelipa bei ya kwanza," akamwambia Bwana Kanisius. "Mimi. Odilia. Bei ya kwanza." Nadhani hilo lilimuuma kuliko mibuni, au lilikuwa ndilo la kusemeka. Bwana Kanisius alimwambia pole kwa namna ambayo mtu humpa pole mfiwa, halafu akaanza kutetemeka mabega, na Mama Odilia akamwona, na yeye mwenyewe akaanza kucheka, akicheka na kufuta macho kwa kitenge.

Togwa ikanywewa, maana ilikuwa imeshatengenezwa. Bwana Kanisius akawagawa watu wake wakapite nyumba kwa nyumba kusema mibuni isikatwe. Walipita kwa wakati katika nyumba nyingi.

Si zote.

Nyumba ya tatu ukiteremka bondeni walikwisha kukata tangu Alhamisi. Yote. Nilipita hapo jioni. Mwenye nyumba alikuwa barazani anamenya mihogo, na nyuma yake mlima ulikuwa mtupu, mashina meupe tu. Nilimwamkia. Aliitikia vizuri, akaniuliza mimi ni mgeni wa nani. Nikasema wa Mama Odilia. Akanikaribisha muhogo.

Nilikula.

Sikumwambia mimi ni nani. Nilijiambia watu wa Bwana Kanisius watakuwa wameshampa habari, kwamba si mahali pake, kwamba giza linaingia. Nilikuwa nimesema ukweli asubuhi mbele ya watu wenye mashoka, na jioni nikashindwa kuusema mbele ya mtu mwenye kisu cha muhogo.

Pikipiki haikuweza kurudi kwa lile tope, kwa hiyo nililala kwa Mama Odilia. Alinipa kitanda cha mjukuu na hakunizungumzisha sana. Kabla hatujazima taa niliandika mistari ya kusomwa kanisani. Niliiandika mwenyewe: Tangazo la kahawa la wiki iliyopita lilikuwa la biashara. Si amri. Mibuni isikatwe. Aliyenunua miche na haitaki, airudishe dukani, atarudishiwa fedha yake.

Hilo la mwisho sikumuuliza Kaka Otmari.

Leo asubuhi nilimkabidhi katekista karatasi hiyo. Ni mzee makini, na hakupendezwa. Alisema yeye anasoma anacholetewa, hajawahi kuulizwa anachosoma ni cha nani. Lakini aliisoma, baada ya barua ya mtendaji, ambayo ilirudiwa kwa kuwa bado kuna kaya hazina vyoo. Sauti ileile. Miwani ileile. Nikiwa kwenye benchi nilihisi watu wanageuka kunitazama mmoja mmoja.

Nje, mama mmoja aliyebeba mtoto mgongoni alinisogelea.

"Dada, na lile la vyoo? Nalo ni la duka?"

Watu walicheka. Nikasema hapana, la vyoo ni kweli.

"Umejuaje?" akauliza.

Hakuwa anatania. Nyuma yake wanaume wawili walikuwa wameacha kucheka, wanasubiri jibu, na mmoja alikuwa na uso wa mtu ambaye bado hajachimba. Nilijua la vyoo ni kweli kwa sababu lilikuwa barua ya mtendaji. Na wao walijua la kahawa ni kweli kwa sababu lilikuwa mkononi mwa katekista. Nikasema kamuulizeni mtendaji. Walikubali kwa kichwa, lakini nilivyokuwa napanda pikipiki bado walikuwa wanajadiliana.

Kwa hiyo sasa kuna mashamba yaliyokatwa bila sababu, na inawezekana kuna vyoo ambavyo havitachimbwa kwa sababu yangu. Sijui ipi nitaisikia kwanza.

Simu yangu imelia mara moja tangu nianze kuandika. Ni Kaka Otmari. Amenipa pole ya safari, ameuliza kama watu wametulia, kisha amenitumia tangazo jipya la mbolea ya kukuzia, nilipitie kabla hajalituma. Linaanza: "Mkulima mpendwa, je." Sijaendelea kulisoma. Nimeiweka simu kifudifudi juu ya kitanda, nami najua ni upuuzi, simu haioni.

Nimerudia pia kusoma niliyoandika hapa, nikitafuta mahali nilipoyapamba ili wewe unayesoma unihurumie. Nimepapata pawili. Nimefuta mahali pamoja tu.

Kesho duka linafunguliwa kama kawaida. Itabidi nimwambie Kaka Otmari kuhusu ile ahadi ya kurudisha fedha kabla mtu wa kwanza hajaingia na miche yake kwenye kapu. Huenda nikapoteza kazi. Huenda akanikonyeza tu. Nimeshakata kipande cha boksi, nimeshaandika: MICHE YA KAHAWA IPO. HAINA HARAKA. BEI INAPUNGUA.

Mama Odilia hatarudisha miche yake. Ameniambia ataipanda katika lile pengo kando ya njia, na kwamba Jumamosi niende na jembe, simu niiache. Nitakwenda. Lakini kabla ya kufika kwake nitateremka kwanza bondeni, nyumba ya tatu, kwa yule mzee wa mihogo. Nitamwamkia, na kabla hajanikaribisha nitamwambia mimi ni wa dukani.

Nitaanza na dosari. Akinikaribisha muhogo tena baada ya hapo, nitajua mama yangu hakukosea.